Jengo nyumbufu la ofisi ni lipi?

Mpangaji akihama, fundi anafuata na nyundo. Ukuta wa tofali uliogawa vyumba vitatu unavunjwa ili mpangaji mpya apate ukumbi mmoja. Akiondoka huyo, anakuja anayetaka vyumba vitano. Jengo nyumbufu ni lile ambalo mchoraji wake alilijua hilo mapema. Nguzo, slabu (sakafu za zege), ngazi na vyoo havihami. Kuta za ndani, za jipsamu au vioo, zinahama.

Wengi huishia hapo, kumbe kazi haiko kwenye kuta, iko kwenye milango. Ghorofa yenye korido katikati ukiikata vipande, kila kipande kinadai njia yake, na korido hiyo huwashwa taa saa sita mchana. Veranda ndefu ya nje, inayopita ubavuni mwa kila ghorofa, inamaliza ugomvi huo: ukate uwezavyo, kila mmoja ana mlango wake na hakuna anayepita ofisini kwa mwenzake. Tena madirisha yanabaki pande zote mbili. Kwa kanuni ya wachoraji, upepo wa dirisha hadi dirisha hufaa kwa upana usiozidi mara 5 ya kimo cha dari. Dari ya mita 3, basi mita 15 hivi.

Veranda ni kivuli pia. Huku karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo upande wa kaskazini na wa kusini hukingika vizuri. Upande wa magharibi, veranda haifui dafu mbele ya jua la saa kumi.

Ofisi za mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira (UNEP) na makazi (UN-Habitat) zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 ni majengo manne yaliyounganishwa kwa vijia vyenye hewa, kwa wafanyakazi 1,200 hivi. Katikati kuna uwazi mrefu. Hewa ya joto hupanda humo na kutokea juu, hivyo ofisi hazihitaji viyoyozi. Lakini Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa jasho la Dar es Salaam mwezi Februari, hesabu ni nyingine.

Na nafasi za pamoja? Chumba cha mikutano kinachotumika mara moja kwa wiki hakina haja ya kujengwa mara sita kwa wapangaji sita. Ninayoipenda zaidi, lakini, ni ile ndogo: pale ngazi inapokutana na veranda, panua mita mbili, weka benchi. Lamu na Mji Mkongwe wanaijua siku nyingi, baraza la nje ya mlango, ambapo mgeni anapokewa na kahawa bila kuingia ndani.

Kero zipo. Mvua ya upepo huilowesha sakafu ya veranda, kwa hiyo vigae visiwe vya kuteleza. Na mwenye jengo akiwaachia wapangaji wafunge mashine za viyoyozi kwenye veranda, kila anayepita atapulizwa joto la ofisi zote.