Je, wajua kwa nini kura ya katiba ya Alaska iliulizia mitego ya samaki?

Tarehe 24 Aprili 1956, wapiga kura wa Alaska walikuta maswali matatu. Mnaikubali katiba hii? Tuchague wabunge wa kwenda Washington hata kabla hatujawa jimbo? Na la tatu: mitego ya samaki ipigwe marufuku?

Samaki na katiba, wapi na wapi?

Wakati huo Alaska ilikuwa ya Marekani bila kuwa jimbo. Watu wake hawakumchagua rais, na mwakilishi wao mmoja bungeni aliruhusiwa kusema tu, kura hana. Hata uvuvi wa mlangoni mwao ulisimamiwa na Washington.

Kero ilikuwa humo baharini. Salmoni hurudi kutaga kwenye mito walikozaliwa, wakiambaa na ufuko. Makampuni ya kusindika samaki, mengi yakiwa ya wenyewe wa Seattle na San Francisco, miji ya nje ya Alaska, yalikita magogo na kutanda wavu kuanzia nchi kavu. Mfano wa wando wa pwani yetu, ila mkubwa mno. Samaki akiukuta hukata kuelekea kilindini, anaingia chumba hadi chumba, mwisho hana pa kutokea. Watu wachache wanakuja na chombo, wanazoa. Mvuvi mwenye kimashua chake anatazama. Mwaka 1948 wananchi waliikataa mitego hiyo kwa kura, lakini kura ile haikuwa na nguvu ya sheria. Mitego ikabaki.

Ndipo wajumbe 55 walioandika katiba karibu na Fairbanks wakalitia swali hilo kwenye karatasi. Nadhani walijua watu wao: asiyejali ibara za katiba alijua vizuri nani anayemmalizia samaki.

Katiba ilipata kura 17,447 za ndiyo, 7,180 za hapana. Marufuku ya mitego? Ndiyo 21,285, hapana 4,004. Samaki waliishinda katiba!

Swali la pili nalo lilipita. Wateule watatu wakaenda Washington, wakanyimwa viti, wakabaki kuwabembeleza wabunge mmoja mmoja.

Katiba yenyewe ilingoja karibu miaka mitatu. Ilianza kazi tarehe 3 Januari 1959, Rais Eisenhower alipoitangaza Alaska kuwa jimbo la 49, na marufuku ya mitego ikaanza nayo.