Wakala wa nani?

Hapa Bagamoyo, kwenye njia inayoshuka kuelekea soko la samaki, kuna kijana ninayemheshimu kwa kazi yake. Ana Noah moja na mapatano na manahodha wawili. Asubuhi huwapeleka wageni kwenye magofu ya Kaole, mchana huwapitisha kwa boti kwenye mikoko, jioni huwarudisha wameshashiba pweza. Bei hupanga yeye, mwongozaji hulipwa naye, hata maji ya kunywa hununua yeye. Halafu ubaoni kaandika: WAKALA WA SAFARI. Wiki hiyohiyo jirani yangu, mwalimu, akanisimulia kwa uchungu kwamba "wakala kamla pesa", kwa kuwa ndege aliyokatiwa tiketi Dar es Salaam ilifutwa. Neno moja, na wote wawili wamelikosea.

Kwa kifupi, wakala wa safari ni muuzaji wa rejareja asiye na bidhaa yake mwenyewe. Huuza kiti cha ndege, chumba cha hoteli, bima au ziara nzima ya Serengeti kwa niaba ya mwenye nayo, akapata kamisheni au akamtoza mteja ada ya huduma. Ada hiyo imezidi kuwa muhimu tangu mashirika ya ndege ya Marekani yalipoanza kubana kamisheni mwaka 1995. Anayechukua vyumba, magari na chakula kwa bei ya jumla, akavifunga pamoja na kuviuza kwa bei moja, huyo ni mwandaaji wa safari. Vyumba visipojaa, hasara ni yake.

Neno lenyewe linasema hayo kwa anayelisikiliza. Tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi wenye maana ya kumkabidhi mtu jambo lako. Mzizi huohuo umetupa wakili, anayesimama mahakamani badala yako, na tawakali, neno ambalo watu wa pwani hulipaka ubavuni mwa vyombo vyao wakimwachia Mungu safari. Kote kuna aliyekabidhi na aliyekabidhiwa. Ndiyo maana mtu akijiita wakala, swali la kwanza ni: wakala wa nani? Akikosa jibu, jina si lake. Dalali naye ni mwingine kabisa. Mzizi wake ni mmoja na ule wa dalili, kuonyesha. Dalali hukuonyesha nyumba, akakukutanisha na mwenyewe, akachukua chake akaenda. Wakala hubaki kuwa mkono wa mwenye mali: tiketi aliyoikata kihalali inalibana shirika la ndege sawa na ambayo shirika limeikata lenyewe.

Na mji huu ulilijua jambo hili zamani. Karne ya 19, misafara ya kwenda bara ilipokuwa ikiandaliwa hapa, mfanyabiashara Sewa Haji aliwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa za njiani. Hakuwa akiuza kwa niaba ya mtu. Mali yake, hesabu yake, hasara yake. Kijana wa Noah ni mrithi wake, na hilo ni jina la fahari kuliko analojipachika.

Simlaumu sana, maana hata serikali ilichangia. Sheria ya leseni ya mwaka 1969 iliwaweka wote chini ya jina la mawakala wa utalii, na ingawa Sheria ya Utalii ya 2008 ilishika nafasi yake, watu bado wanaiita leseni hiyo TALA, kifupi cha Kiingereza chenye neno wakala ndani yake.

La mwalimu liliniuma zaidi, kwa sababu nimekaa miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya ofisi kama ile na najua tusi hilo linavyochoma. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu nione hiyo tiketi." Namba ya tiketi ya ndege ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni alama ya shirika la ndege, si ya ofisi iliyokuuzia. Kwenye risiti mlikuwa na mistari miwili: nauli, na chini yake ada ya huduma. Nauli huwa haikai kwa wakala. Huikusanya na kuiwasilisha kwa shirika kwa tarehe zilizopangwa, akichelewa anafungiwa kukata tiketi. Kwa hiyo shirika likifuta safari, nauli inarudishwa na shirika, ikipitia kwa wakala yuleyule ilikoingilia. Wakala anadaiwa jambo moja: kupeleka ombi na kulifuatilia.

Wakala wa mwalimu alikuwa hajaambiwa apeleke ombi. Tumeliandika pamoja, na neno "kamla" tumelitoa. Kijana naye nimemwomba, ubao ukichakaa apake upya: MWANDAAJI WA SAFARI.