Mtaalamu wa Altrasaundi ya Misuli na Viungo: Maswali na Majibu

Mpagazi aliyeshuka Mlima Kilimanjaro akiwa na goti lililovimba, au dereva wa bodaboda aliyeanguka na kuumia bega, kwa kawaida hupigwa eksirei kwanza. Wengi huambiwa kwamba mfupa uko salama, ilhali maumivu yako palepale. Hapo ndipo kazi inayoelezwa hapa inapoanzia.

Je, mtaalamu huyu huchunguza nini?

Huchunguza kano, misuli, mishipa ya fahamu na maji yanayojikusanya kwenye viungo. Hutumia proba, yaani kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi iliyopakwa jeli, yenye masafa ya juu (yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), mara nyingi kati ya megahezi 7 na 18. Masafa hayo huonyesha nyuzi za kano kwa undani, lakini hayafiki mbali mwilini, na mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa. Kwa sababu hiyo, majeraha yaliyo ndani kabisa ya goti huhitaji MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mgonjwa huchunguzwa akijongea. Mtaalamu humwomba ainue mkono taratibu, akaona kwenye skrini ni wapi kano ya bega inapobanwa, huku akimuuliza iwapo maumivu yanatokea hapohapo. Vilevile anaweza kuiongoza sindano ya dawa hadi mahali panapohusika badala ya kukisia.

Je, si sawa na altrasaundi ya wajawazito?

Mashine inaweza kuwa ileile. Proba na ujuzi ni tofauti.

Mtu hufikaje kwenye kazi hii?

Kwa daktari nchini Tanzania, njia ni ndefu: shahada ya udaktari ya miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha ubingwa, kwa mfano wa radiolojia, yaani taaluma ya picha za ndani ya mwili. Moshi ina bahati katika hili, kwa kuwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mahali pa tiba na pia pa kuwafunza madaktari bingwa. Katika nchi mbalimbali madaktari wa mifupa, wa baridi yabisi na wa michezo, pamoja na wataalamu wa fiziotherapia, nao hujifunza kipimo hiki. Hata hivyo, cheti peke yake hakitoshi, kwani mkono hukomaa kwa kupima watu wengi chini ya uangalizi.

Kwa nini ualimu ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe?

Kwa sababu picha hutegemea mkono wa anayepima. Nyuzi za kano hurudisha mawimbi vizuri pale tu mawimbi yanapozigonga wima. Proba ikiinamishwa kidogo tu, kano nzima huonekana nyeusi, na mwanafunzi huweza kuandika kwamba imechanika. Kosa hilo, linaloitwa anisotropia, laweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji asiouhitaji. Mwalimu hulizuia kwa kuushika mkono wa mwanafunzi na kuurekebisha papo hapo, jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifanya. Na kwa kuwa kipimo hiki hakitumii mionzi, wanafunzi wanaweza kupimana wao kwa wao hadi waijue kano nzima kabla ya kuhukumu iliyoumia.

Kuna somo la zamani ambalo bado lina manufaa. Mwaka 1972 McDonald na Leopold walionyesha kwamba altrasaundi inaweza kutofautisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Dalili zake hufanana, lakini matibabu ni tofauti kabisa, na ninaamini kila anayefundishwa kupima goti afundishwe pia kuutazama mshipa huo.

Mgonjwa ajiandaeje?

Hahitaji kufunga kula. Avae nguo zinazofunguka kwa urahisi na aje na eksirei zake za zamani. Iwapo atachomwa sindano, aseme mapema kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana kisukari, kwa sababu dawa za steroidi, za kupunguza uvimbe, ambazo mara nyingi ndizo huchomwa, huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ila mwenye kiungo kilichovimba ghafla, chenye joto na kuuma sana, hasa akiwa na homa, asisubiri miadi ya kipimo hiki: afike hospitali siku hiyohiyo, kwani usaha ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa muda mfupi.