Kitabu cha watoto hakipimwi mezani peke yake

Tangu niweke mtandaoni orodha fupi ya vitabu vya watoto ambavyo mimi na wenzangu watatu tunavishindanisha nimeulizwa sana, hivi nyie mnaoandika tu mtandaoni mna mamlaka gani ya kusema kitabu hiki ndo bora? Ni swali la haki na nataka nilijibu vizuri, maana mie huu ni mwaka wa sita nafanya kazi hii hapa Tabora, nasoma vitabu vya watoto, nawasomea watoto wenyewe, afu naandika nilichokiona.

Kwanza jambo hili la waandishi wa mtandaoni kupima vitabu hatukulibuni sisi. Kule Marekani kuna tuzo inaitwa Cybils, ilianzishwa 2006 na Anne Boles Levy na Kelly Herold, na majaji wake ni mabloga, yaani watu wanaoandika mtandaoni, wa vitabu vya watoto na vijana. Kabla ya hapo zile tuzo kubwa zilikuwa mikononi mwa wakutubi, yaani watu wa maktaba, Newbery ya Marekani tangu 1922, Carnegie ya Uingereza tangu 1936, na ni tuzo za heshima kabisa. Ila mabloga walikuwa wanaona kuna vitabu watu wazima wanavisifia mno halafu mtoto havigusi, na kuna vingine watoto wanavigombania lakini ukivisoma hamna kitu ndani. Wakaweka vigezo viwili vipimwe pamoja, ubora wa uandishi na mvuto kwa mtoto.

Utaratibu wao ni hivi: mwanzoni mwa Oktoba mtu yeyote anapendekeza, kitabu kimoja tu kwa kila kundi la vitabu, kisha majaji wa raundi ya kwanza wanasoma lile rundo lote na kutoa orodha fupi 1 Januari, halafu majaji wengine, siyo wale wale, wanasoma hiyo orodha fupi tu na mshindi anatangazwa 14 Februari. Watu wengi wanadhani jaji wa mwisho ndo mwenye kazi ngumu. Hapana jamani. Ugumu uko raundi ya kwanza, kwasababu pale ndo vitabu vingi vinafia, na kikishafia pale hakuna atakayekisikia tena, kwahiyo ukisoma umechoka saa tano usiku ukakiruka kitabu cha mtu aliyekihangaikia miaka miwili umemdhulumu.

Sisi tuko wanne, wawili Tabora, mmoja Nzega, mmoja Kigoma mjini. Hatuna nakala za kutosha, mara nyingi kitabu ni kimoja kinazunguka, kinatoka kwangu kinapanda treni kwenda Kigoma kinakaa wiki mbili kinarudi, ndo maana raundi yetu ya kwanza inachukua miezi. Sheria yetu ni moja ambayo hatuivunji: huwezi kupigia kitabu kura kama hujakisoma na watoto wasiopungua watano, na siyo wanao tu, maana mtoto wako anakuangalia usoni ajue unataka aseme nini.

Sasa niwape mfano. Mwaka juzi tulikuwa na kitabu kimoja nilikipenda kufa, Kiswahili kimenyooka, methali zimekaa mahali pake, nikawa nimeshakipa ushindi moyoni. Jumamosi nikakipeleka Isevya, hapa hapa Tabora, watoto wako kwenye mkeka chini ya mwembe, wa darasa la pili na la tatu. Ukurasa wa kwanza wametulia. Ukurasa wa nne kuna sentensi inasema bibi "alighafilika", nikaona binti mmoja ananyanyua macho kwenye kitabu, anaangalia maembe. Nikaendelea. Ukurasa wa sita maandishi yanasema bibi amebeba kuni, picha inaonesha amebeba ndoo! Mvulana mmoja akaniambia, "Mwalimu, wamekosea." Kuanzia hapo hawakusikiliza hadithi tena, walikuwa wanawinda makosa ya picha tu. Neno gumu peke yake siyo kosa, mtoto anapenda neno jipya kama sentensi inamshika mkono, lakini picha ikipingana na maandishi mtoto anaacha kukiamini kitabu, na hilo mimi nikiwa peke yangu mezani sikuliona kabisa, jicho langu lilikuwa kwenye lugha.

Ndo sababu nasema kazi yetu haishindani na tuzo za wataalamu. Tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, naifuatilia kila mwaka na nafurahi mno kwamba ipo, lakini ile inapokea miswada, yaani maandishi ambayo bado hayajawa kitabu. Muswada bado haujakutana na mchoraji, haujapigwa pini, haujashikwa na mikono yenye utomvu wa embe. Sisi tunapokea kitabu kilichokamilika, tunaangalia mpaka kama kurasa zinang'oka mtoto wa tatu akikishika, na zinang'oka kweli, vingine havimalizi wiki.

Kuhusu rushwa, maana nayo nimeulizwa. Aliwahi kunijia mchapishaji mmoja akanipa boksi la vitabu, nikafurahi, kumbe anataka niandike sifa kabla sijafungua. Nilimrudishia. Tangu siku hiyo kila jaji wetu akipewa kitabu bure anasema wazi kwenye uchambuzi wake, na kama mwandishi ni ndugu au rafiki yake anatoka kwenye mjadala wa kitabu hicho, haleti hata maoni pembeni.

Na hatujumlishi alama. Tulijaribu, kila mtu alitoa alama kati ya kumi tukajumlisha, kikashinda kitabu ambacho hakuna aliyekipenda sana wala kukichukia. Sasa hivi tunabishana kwa simu mpaka tukubaliane, inachosha lakini mtu anayetetea kitabu lazima aseme watoto wake walifanya nini, walicheka wapi, waliomba kirudiwe au la.

Mwaka huu tumekwama kwenye vitabu viwili. Mwenzetu wa Kigoma anasema kile cha mvuvi hakina mpinzani, watoto wa kule walimsahihisha msomaji hata jina la dagaa, wangu hapa hawajawahi kuliona ziwa na wamekiomba mara moja tu. Nakala imeshushwa stesheni jana, Jumamosi naenda nacho tena Isevya, safari hii nitamwachia binti wa darasa la tatu awasomee wenzake mie nikae nyuma.