Oksijeni: sumu kwa utando mmoja, chakula kwa mwingine

Wageni wanaofika maabara hapa Nairobi huuliza swali lilelile: mbona mnakisugua kibamba kidogo kama ukucha utadhani mnajiandaa kwa upasuaji? Ni kwa sababu alama ya kidole tu, na mafuta yake, inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Juu ya kibamba hicho huoteshwa utando wa superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Heike Kamerlingh Onnes ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1911 huko Leiden, kwa zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzi −269 za Selsiasi.

Chukua niobiamu, metali ambayo ni superkondakta. Bamba lake huwekwa ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa, kisha gesi ya agoni iliyotiwa chaji hulipiga, atomi zikaruka na kutua kwenye kibamba. Taabu ni ile hewa iliyobaki. Hata ikipunguzwa hadi sehemu moja ya bilioni ya ile tunayovuta, bado inaweza kufunika uso safi kwa tabaka moja ndani ya sekunde chache tu. Nayo niobiamu ina uroho wa oksijeni: kila atomi moja ya oksijeni katika mia huishusha nyuzi ambayo ukinzani hutoweka kwa karibu nyuzi moja nzima. Kwa macho huoni kitu. Utando unang'aa kama sufuria mpya.

Sasa geuza mambo. Superkondakta nyingine, seramiki yenye itriamu, bariamu na shaba, hufanya kazi hadi karibu nyuzi −181, kwa hiyo nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika inatosha kuipoza, ileile ambayo daktari wa mifugo hubeba kwenye mtungi wa mbegu za fahali. (Mwinuko wa Nairobi unatupa nafuu kidogo: hapa nitrojeni huchemka ikiwa baridi zaidi kuliko Mombasa.) Lakini seramiki hii ikikosa oksijeni, inakataa kabisa.

Utando wangu wa kwanza, nikiwa mwanafunzi, niliupoza kwa pupa bila kurudisha oksijeni kwenye chemba. Ulitoka mweusi, laini, wa kupendeza. Nilipouzamisha kwenye nitrojeni, ukinzani ulipanda badala ya kutoweka. Kesho yake niliurudisha kwenye tanuri, oksijeni ikipita juu yake kwa nyuzi 450, na jioni, nilipouzamisha tena kwenye nitrojeni, mita ya ukinzani ikasoma sifuri.