Usiku wa suti kwenye meli ya utalii: nivae nini, na mlangoni wanaangalia nini

Swali ninalotumiwa WhatsApp kuliko bei, kuliko viza, kuliko hata habari za kutapika baharini, ni nguo za chakula cha jioni. Mtu ashalipa, ashapata kebini yake, yaani chumba chake cha melini, halafu wiki mbili kabla ya safari ananirushia voisi ndefu: kaka, nimeambiwa huko kuna usiku wa kapteni, mimi sina suti ya maana na mke wangu anataka kushonesha gauni, tufanyeje? Na mwingine ananiambia yeye yuko likizo bwana, kalipa pesa yake, kaptula ataivaa mpaka mezani kwa kapteni mwenyewe. Kabla sijaanza hii kazi ya kuwakatia watu safari, wengi wao ndugu zetu walioko Texas wanaopandia meli pale Galveston, nilikuwa weita kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, kwa hiyo hao wote wawili nishawaona wakifika mlangoni. Wacha niyaandike yote hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Usianze na kabati la nguo, anza na meza. Manake sharti la mavazi halipo kwa meli nzima, lipo kwa chumba na kwa saa. Meli hiyohiyo, usiku huohuo, kwenye ukumbi mkubwa watu wana tai za kipepeo na magauni yanayoburura chini, na ghorofa kadhaa juu yao karibu na bwawa kuna mtu na watoto wake wanakula piza na ndala miguuni na hakuna anayewauliza kitu. Ule ukumbi mkubwa wenye vitambaa vyeupe na weita ambaye siku ya pili ashajua jina lako na kwamba hupendi vitunguu, huo ndo wenye masharti. Bufe kwa kampuni nyingi haina shida na wewe, bora una shati, una kitu mguuni na hudondoshi maji. Chakula cha kuletewa kebini hicho hata ukikila umejifunga taulo ni siri yako. Halafu kuna zile restorenti ndogo za kulipia za ndani ya meli, za steki au za Kitaliano, kila moja na utaratibu wake, soma kabla hujabuku meza.

Sasa kampuni. Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa kwa sababu mtu kasikia habari ya meli moja kwa shangazi yake anaipeleka kwa meli nyingine kabisa.

Juu kabisa kwa masharti waweke Cunard. Meli yao Queen Mary 2, ile inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku 7, ikigonga saa 12 jioni abiria wanatarajiwa wawe washabadilisha nguo, na zile jioni za gala mwanamume ni tuksido, ile suti nyeusi ya tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito na tai, mwanamke ni gauni la jioni au kitu cha hadhi hiyo, na huwa wanazipa mada, mfano nyeusi na nyeupe, au barakoa. Na usidhani yanaishia kwenye chakula, yanakufuata kwenye baa nyingi na kwenye ukumbi wa dansi. Wasiotaka wameachiwa sehemu zao, bufe ya Kings Court, baa ya Golden Lion, na nyingine chache. Kwa hiyo ukinunua safari ile huku hupendi kuvaa, umejinunulia kuzurura sehemu zilezile jioni nzima, na mimi huwa namwambia mteja waziwazi hiyo pesa apeleke kwingine.

Katikati kuna Carnival na Royal Caribbean, ambazo ndo wengi wetu tunapanda. Carnival wana jioni wanazoziita za elegant, yaani za kupendeza: safari ya siku 2 hadi 5 jioni moja, siku 6 na kuendelea jioni mbili. Royal Caribbean kwa usiku 7 tegemea mbili pia. Lakini neno elegant lisikutishe, tuksido utazihesabu kwa vidole, suti zipo kiasi, na wanaume wengi utawakuta na shati la mikono mirefu na suruali iliyonyooka, yamekwisha. Carnival wenyewe koti wanalipendekeza tu, si lazima.

Halafu kuna walioachana na hayo mambo. Norwegian walianza ule mtindo wao wa freestyle mwaka 2000, ule unapotaka vaa unavyotaka, jioni ya kupendeza ipo lakini kwa anayejisikia. Celebrity mwaka 2015 waliondoa usiku rasmi wakaweka kitu wanachokiita evening chic, yaani pendeza lakini tai achana nayo. Virgin Voyages hawana sharti kabisa, ila wana usiku mmoja wa nyekundu, na ukienda bila nguo nyekundu utajiona mpweke. Na msidhani bei ndo inapanga haya mambo: Viking na Oceania ni za wenye hela na bado hawana usiku wa tai hata mmoja, wakati mtu wa Carnival aliyepata ofa ya siku 5 anaambiwa alete shati zuri.

Kama unataka kipimo cha haraka mimi huwaambia watu wafikirie harusi. Gala ya Cunard vaa kama wewe ni ndugu wa bwana harusi na utakaa meza ya mbele. Elegant ya Carnival vaa kama umealikwa na mfanyakazi mwenzio. Norwegian vaa kama unakwenda kula kwa watu siku ya pili yake.

Jioni zenyewe zinaangukia lini? Mara nyingi siku ya bahari, ile siku meli haitii nanga popote, na sababu iko wazi ukiwaza kidogo: siku ya bandarini watu wanarudi saa 11 jioni wamechoka, mchanga mpaka masikioni, nani ataanza kupiga pasi? Siku ya bahari abiria wote wako ndani tangu asubuhi, saluni inafanya biashara, wapiga picha wa meli wanapanga vitambaa vyao vya nyuma kwenye korido na ngazi kuu, na kapteni anajitokeza kusalimia. Kwa hiyo chukua ratiba ya safari yako, tafuta siku za bahari, hapo ushajua siku zako za suti kwa asilimia kubwa. Usiku wa kwanza karibu kila kampuni ni wa kawaida, kwa sababu sanduku lako ulimwachia mpagazi kule bandarini na linaweza kukufikia kebini ukiwa ushakaa mezani. Ndo maana nasema kwenye begi la mkononi tia suruali na shati la kubadilisha, usije ukala chakula cha kwanza na nguo za ndege.

Na kabla hujaamua kwamba wewe ni mtu wa bufe tu, jua kwamba jikoni nao wana mambo yao. Kwenye kampuni kadhaa kambakoche huwa anatoka kwenye moja ya hizo jioni za kuvaa, kule ukumbi mkubwa. Nimeona mtu aliyeapa hafungi tai akiulizia saa mbili usiku kama kuna suti ya kukodi.

Haya, mlangoni. Pale anasimama meitadii, yaani mkuu wa maweita wa ukumbi, au msaidizi wake, na macho yake yanaanzia chini kwenda juu, miguu kwanza. Anatafuta vitu vichache tu: ndala za plastiki, kaptula ya kuogelea au ya basketi, fulana isiyo na mikono kwa mwanamume, kofia ya besiboli. Suti yako imenunuliwa wapi hajali, tai yako kama ni hariri au poliesta hajali, gauni kama ulilivaa jana hana habari. Ukiwa na kimoja kati ya vile hakuropokei mbele za watu. Anakuja hatua mbili, anatabasamu, anakusogeza pembeni kama anakuonyesha menyu, sauti inashuka, anakwambia meza yako haiendi popote, nenda kebini ukarudi, au bufe iko wazi mpaka saa fulani. Meli moja niliyofanya kazi tulikuwa na suruali nyeusi zimetundikwa kwenye kabati nyuma ya ile meza ya mlangoni, za kuazima, na zilikuwa suruali za sisi maweita, sasa chukua jitu la futi sita na nusu limevaa suruali iliyoshonwa kwa vipimo vyetu, pindo liko katikati ya muundi, na mkewe anacheka mpaka machozi. Lakini alikula kambakoche wake.

Jambo jingine, mezani unaweza kuwa umepangwa na watu wasiokujua, meza ya watu nane, jioni zote ni haohao. Hao ndo watakaokuona kuliko meitadii. Mimi simwambii mtu akope hela anunue tuksido, huo ni ujinga, lakini jirani yako mezani kafunga tai, mkewe kapaka wanja, wewe unakuja na jezi ya timu, hata kama mlangoni umepita kwa sababu meitadii alikuwa na shughuli, mazungumzo yanakuwa mazito kidogo.

Sasa nguo zetu. Hapa ndugu zangu tunajinyima bure. Kampuni zenye masharti makali zaidi, hata hao Cunard, zinakubali vazi rasmi la taifa kwa jioni ya gala. Kwa hiyo kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake, kofia ya vito, viatu vya ngozi, ushamaliza. Waganda kanzu na koti ndo kawaida yao ya sherehe, mtu wa Lamu au Unguja akitia joho ndo kabisa. Wamama, gauni la kitenge lililoshonwa na fundi anayejua kazi linakaa vizuri kuliko magauni mengi ya kung'aa ya dukani, na gomesi na mshanana vilevile. Dada anayevaa hijabu, abaya yenye kazi ya mkono na shela nzuri ni vazi rasmi tosha. Kofia wanayoikataa ni ya besiboli, kofia yetu mimi sikuwahi kuona mtu akizuiwa nayo. Ila dira la nyumbani lile la pamba laini, mama yangu, libaki kebini, na kanzu ya kulalia pia, mlangoni hawajui tofauti lakini wewe unajua.

Kubeba. Kwa jioni mbili huhitaji nguo mbili. Suti moja ya bluu nzito au ya kijivu, mashati mawili, usiku wa kwanza na tai, wa pili bila tai, na jioni za kawaida unavaa lile koti na jinzi isiyochanika. Mwanamke gauni moja la rangi moja, leo na mtandio na vipuli vikubwa, siku ya pili na kiblauzi juu. Mtandio ulete hata kama hupendi, kiyoyozi cha kule ndani ni baridi ya kijinga. Viatu ndo vinakula kilo za begi kuliko nguo, na visigino vya sindano sivishauri, meli ikianza kuyumba baada ya chakula utashika kuta zote mpaka kebini. Kisigino kipana na kifupi, basi.

Pasi usibebe. Inachukuliwa kwenye ukaguzi pale bandarini, na ile ya mvuke pia, wanaogopa moto kuliko kitu chochote, na watakurudishia mwisho wa safari. Cunard na meli nyingi za Carnival zina vyumba vya kufulia vyenye pasi, na ile saa moja kabla ya chakula cha usiku wa kuvaa utakuta foleni na maneno ya chinichini kuhusu nani alitangulia, kwa hiyo nenda asubuhi. Royal Caribbean hawana hicho chumba, unampa mhudumu wa kebini akupelekee kwa malipo, na mpe mapema, usingoje mchana wa siku yenyewe. Kitenge na kanzu vikunjo vyake vinatoka ukivitundika bafuni ukafungua maji ya moto mlango umefungwa, suti usiifanyie hivyo ikalowa.

Usiku wa mwisho hauna mbwembwe, ni wa kawaida, kwa sababu masanduku yanatakiwa yatolewe koridoni kabla ya kulala ili yashushwe usiku. Hapo ndo kuna mtego. Watu wanarudi kutoka kula, wanavua zile nguo, wanazitia sandukuni na zingine zote, wanafunga, wanasukuma nje, wanalala na pijama. Asubuhi sanduku liko chini bandarini na wao wako juu. Kabla hujafunga zipu toa nguo za kushukia uzitundike, na viatu, manake viatu ndo wengi wanasahau.