Ncha na uzito wa risasi katika uwindaji wa bastola

Risasi ya bastola haina kasi kubwa ya kuitegemea. Kichwa (sehemu ya risasi inayoruka) cha risasi ya bastola aina ya .44 Magnum chenye greni 240 (gramu 15.5) hutoka mtutuni kwa takriban mita 400 kwa sekunde, ilhali vichwa vingi vya raifoli za kuwindia huvuka mita 800. Kwa kasi ya raifoli, nyama huchanika hata pale ambapo kichwa hakikugusa. Kwa bastola, kinachoharibika ni karibu kile tu kilichoguswa, ndiyo maana ncha ina nafasi kubwa katika uamuzi wa mwindaji.

Ncha ya mviringo huisukuma nyama pembeni ikapita; nyama hurudi na tundu hujifunga. Damu huvuja kidogo, na kulungu aliyepigwa vizuri tu anaweza kupotelea vichakani. Ncha bapa huiponda na kuikata nyama iliyo mbele yake, ikaacha tundu linalobaki wazi. Mwandishi wa Kimarekani wa mambo ya bunduki, Elmer Keith, mwishoni mwa miaka ya 1920, alibuni kichwa cha greni 250 cha risasi ya bastola aina ya .44 Special chenye ncha bapa na bega lenye ukingo mkali. Wengi husifu lile bega, lakini kazi kubwa ndani ya nyama hufanywa na uso bapa. Uso ukipanuliwa mno, kichwa hupoteza kasi mapema hewani, na kwenye bastola ya magazini hukwama kinapoingia chemba. Kwenye rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, shida ya kukwama haipo.

Ncha yenye shimo hutanuka na kupanua jeraha, ila hulipia kwa kina. Kwa kulungu inatosha. Kwa nguruwe mwitu dume, mwenye gamba nene la ngozi mabegani, au kwa dubu, inaweza kuishia kabla ya mapafu.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Kwa kipenyo kilekile, greni 300 ni kichwa kirefu zaidi: kina uzito mwingi nyuma ya eneo lilelile, hivyo huvunja mfupa na kuendelea mbele. Lakini kisiwe laini mno kikabonyea, wala kigumu mno ncha ikamegeka kwenye mfupa. Kiasi cha baruti kilichopimwa kwa kichwa cha greni 240 kamwe kisitumiwe kwa kichwa cha greni 300, kwa sababu shinikizo hupanda kwa hatari.

Msukumo wa nyuma wa rivolva inapofyatua risasi nzito una hila nyingine: vichwa ambavyo havijafyatuliwa huchomoka taratibu kwenye maganda hadi silinda igome kuzunguka. Pima urefu wa risasi ya sita kwa kaliper (kifaa cha kupimia urefu mdogo), fyatua tano, kisha ipime tena. Ikiwa imerefuka, mdomo wa ganda haukubanwa vya kutosha kwenye mfereji unaozunguka kichwa. Pia rekebisha shabaha upya: kichwa kizito huchelewa kutoka mtutuni, mtutu umeshaanza kuinuka, kwa hiyo kwa karibu hupiga juu kuliko chepesi.